Kinafaa, Ila

Kiswahili kina neno dogo lenye sura mbili. Ila ni dosari, kasoro iliyojificha ndani ya kitu. Na ila ni lile neno la kuvua, linalotoa kimoja katika jumla ya vingine: wote walifika ila mmoja. Wajuzi wa lugha watasema kwamba hayo ni maneno mawili, yaliyotoka katika mizizi miwili ya Kiarabu inayotofautiana tangu herufi ya kwanza, na kwamba kukutana kwao katika kinywa cha Mswahili ni sadfa tu. Na kweli ni sadfa. Lakini mtu anayeazimwa chombo, akaambiwa "kinafaa, ila…", huyasikia yote mawili kwa pamoja, akatega sikio.

Yanayofuata yanahusu sentensi hiyo inapokatwa katikati: mtu akasema "kinafaa", akanyamaza. Aliyetoa neno lisilo kweli bila kujua kwamba si kweli, je, ana hatia? Wengi watajibu upesi kwamba hana, maana uongo ni kusema kinyume cha ujuavyo. Jibu hilo lina haki yake. Hata hivyo linamwachia mlango wazi mtu wa aina moja, naye ni yule asiyejua kwa sababu hakutaka kutazama.

Na achukuliwe mzee mmoja wa Dimani, katika nchi ile ya Kibiti ambako Mto Rufiji hujigawa matawi kabla ya kuingia baharini. Ni mzee wa kufikirika, ingawa si wa mbali; mfano wake hautakosekana katika pwani yoyote yenye wazamiaji. Ujanani alifanya kazi upande wa Mafia, katika mashua zilizozamia majongoo bahari kwa mitungi ya hewa. Kazi ilipomchosha alirudi kwao na kitu kimoja tu cha kazi ile: kidhibiti hewa, kile chombo kinachofungwa kwenye shingo ya mtungi ili mzamiaji apumue. Akakitundika msumarini, nyuma ya mlango, na hapo kikakaa miaka kumi na moja.

Siku moja akaja mpwa wake. Mashine ya boti aliyokuwa ameipanga kwa miezi ilikuwa imechomoka na kuzama nje ya mlango wa mto, penye pima kumi na moja, yaani mita 20 hivi. Mtungi uliojaa alikuwa ameupata kwa rafiki.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba," akaitikia mzee, kwa ile desturi ya wajomba kurudisha jina walilopewa.

"Mjomba, kile chombo chako kinafaa?"

"Kinafaa."

Akakitungua, akapangusa vumbi, akatoa kile kifuniko kidogo cha shingoni, akakifunga mtungini, akafungua hewa na kuvuta mara tatu. Hewa ikaja. Kijana akashukuru, akaenda zake.

Ili kujua mzee alisema nini aliposema "kinafaa", hapana budi kujua chombo hicho ni nini. Kichwa chake ni cha shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, kikapakwa kromu hata king'ae kama fedha. Kazi yake ni kupokea hewa iliyoshindiliwa mtungini, ambayo shinikizo lake hufika mara 200 ya lile la hewa ya juu ya nchi, na kuishusha hadi kiasi cha mara 10 tu juu ya shinikizo la maji yanayomzunguka mzamiaji. Kisha mpira huichukua hadi kwenye kikombe cha mdomoni, nacho huishusha mara ya pili, ikawa laini, ya kuvutwa na mapafu. Kila mtu avutapo, kiwambo cha mpira hujikunja, kikasukuma wenzo, wenzo ukafungua njia. Anapoacha, njia hujifunga. Waliokibuni chombo cha namna hiyo kwa wazamiaji, Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan, mwaka 1943, walimpa binadamu pumzi isiyotoka mpaka aiombe. Ni kitu cha ajabu, na uhai wake wote unategemea visahani viwili vitatu visivyozidi ukubwa wa kifungo cha shati.

Adui wa visahani hivyo ni tone la maji ya bahari. Tone likiingia shingoni kwa sababu mtu alisahau kifuniko, au likipanda mpirani kwa sababu alibonyeza kitufe cha mdomoni wakati wa kusuuza, hukauka na kuacha chembe za chumvi. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, na hewa ya delta haikosi unyevu. Palipo na tundu dogo katika kromu, dogo kuliko ncha ya sindano, maji ya chumvi huingia chini yake na kuila shaba kwa ndani, hata kromu ikabaki imesimama peke yake kama ganda la yai. Wakati mwingine huonekana unga wa kijani. Wakati mwingine hakionekani kitu, kwa sababu kilichoondoka ni zinki peke yake: shaba hubaki na umbo lake lile lile, hesi zake zile zile, ila rangi imegeuka kidogo kuelekea wekundu, na nguvu haimo tena. Kiswahili husema madini yameliwa na kutu. Ni usemi wa haki, maana mlaji huyu huanza na nyama na kuiacha ngozi.

Vitabu vya wazamiaji huagiza chombo kiloweshwe katika maji matamu kila baada ya kazi, na kifunguliwe na fundi kila mwaka: pete za mpira zibadilishwe, shaba iogeshwe katika asidi hafifu, visahani vitazamwe kwa kioo cha kukuza. Huandika "maji matamu" kana kwamba maji matamu yapo kila mahali. Katika vijiji vya delta, ambako maji ya chumvi huupanda mto na kuingia hata mashambani mwa mpunga, ndoo ya maji matamu ina wenyewe wanaoingojea kabla ya kipande cha shaba.

Na ile hewa aliyoivuta mzee mara tatu, ikaja, si ushahidi? Ni ushahidi wa uani. Penye kina cha mita 20 shinikizo ni mara tatu ya lile la juu, na kila pumzi moja huchukua hewa ya pumzi tatu. Chujio lililozibwa nusu na kutu hupitisha hewa ya kumtosha mzee aliyekaa kwenye mkeka, na ile ile humkaba kijana anayepambana na mashine ya kilo arobaini chini ya maji. Au kisahani kilichochimbwa na chumvi hukataa kujifunga, hewa ikabubujika yenyewe bila kuvutwa, na mtungi ukaisha kwa dakika chache. Kinachoua basi aghalabu ni hofu: mtu hukimbilia juu huku ameibana pumzi, na hewa iliyo ndani yake ikapanuka na kumpasua mapafu.

Sasa kisa kimalizike. Kijana alizama, akaifunga mashine kamba, akarudi salama. Jioni mzee akaletewa changu wawili na kidhibiti chake. Je, pana kosa lolote lililotendeka Dimani siku hiyo?

Hukumu ya barazani itasema hakuna. Mzee alisema kinafaa, na kikafaa. Neno lake limesadikishwa na bahari yenyewe. Lakini hukumu hiyo inampa mzee sifa ya kitu ambacho hakukifanya. Hakukifanya kifae. Hakujua kwamba kitafaa. Kati ya neno lake na kurudi kwa mpwa wake hapakuwa na uhusiano wowote ila kwamba moja lilitangulia jingine.

Mwaka 1877, mwanahisabati wa London aliyeitwa William Kingdon Clifford alitoa insha juu ya maadili ya kuamini, akaianza kwa mfano wa mwenye meli. Meli ni kuukuu, imekwisha kutengenezwa mara nyingi, na mwenyewe ana shaka nayo. Kuikagua ni gharama. Basi anajisemesha: imekwenda safari nyingi ikarudi, na Mungu hatawaacha wahamiaji waliomo na watoto wao. Shaka ikamtoka, akaitazama ikitweka kwa moyo mweupe; na ilipozama akapokea fedha za bima. Clifford alishikilia kwamba moyo wake mweupe haumwokoi, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini kwa ushahidi aliokuwa nao. Kisha akaenda mbele zaidi, na hapo ndipo insha yake inapouma: tuseme meli imefika salama, safari hiyo na nyingine nyingi. Hatia haipungui hata kidogo. Tendo lilikwisha kuwa baya lilipotendwa. Bahati ya baadaye humficha tu mtendaji.

Wasomaji wa visiwani hawahitaji kupelekwa London ili kuuelewa mfano huo. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imebeba watu kupita uwezo wake. Lakini shehena iliyozidi huonekana kwa macho gatini. Hali ya mzee wa Dimani ni ya siri zaidi, na kwa hiyo ni ngumu zaidi kuihukumu. Methali ya ufa na ukuta haimfikii, kwa sababu methali ile inamlaumu aliyeuona ufa akauacha.

Na ana mengi ya kujitetea. La kwanza ni umaskini. Nani katika Kibiti atakifungua chombo hicho? Fundi na vipuri viko kwenye vituo vya uzamiaji wa kitalii, Mafia, Unguja, Dar es Salaam, na gharama yake yaweza kushinda thamani ya chombo chenyewe. Clifford alimzungumzia tajiri aliyeweza kukagua asikague. Kumtwika mzigo huo huo mtu asiye na bisibisi ya kufaa ni kuhamisha maadili ya gati la London hadi kwenye mikoko bila kuuliza nani analipa. Utetezi huu una uzito, na asiyeuona hajapata kuishi na chombo kimoja tu.

La pili ni la kifundi, nalo ni la kweli. Chombo cha zamani kilichoshikamana kwa kutu, ukikifungua, huenda kisifungike tena. Hesi zilizoliwa hukatika. Wapo mafundi wazuri wanaokataa kugusa vitu kama hivyo, wakisema kwamba kikiachwa kitafanya kazi siku mbili tatu zaidi, na kikifunguliwa kitafia mezani.

Nchi ya delta inayo habari yake juu ya hatari ya kufungua. Alfajiri ya 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta Pegasus ya Waingereza mbele ya mji wa Zanzibar, imetia nanga, mitambo yake ya mvuke ikiwa katika kusafishwa na kutengenezwa. Haikuweza kukimbia. Zaidi ya mabaharia 30 waliuawa, na baadhi yao wamezikwa Chapwani. Königsberg nayo haikwenda mbali: injini yake yenyewe iliharibika, ikarudi kujificha ndani ya matawi ya Rufiji, upande wa Salale, na vipande vyake vikafunguliwa na kuburutwa na wapagazi hadi Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Haikupata tena kutoka. Iliangamizwa humo humo tarehe 11 Julai 1915, na leo mzinga wa kila moja ya manowari hizo mbili umekaa katika Ngome ya Yesu, Mombasa, mahasimu waliogeuzwa majirani. Atakaye anaweza kusema kwamba Pegasus ilikufa kwa sababu ya matengenezo: ingaliacha mitambo yake kama ilivyo, ingaliweza kung'oa nanga.

Hata hivyo nahodha wa meli iliyofunguliwa anajua kwamba imefunguliwa. Anajua hawezi kukimbia, na akiomba msaada au akiweka walinzi anafanya hivyo kwa kujua. Alichokosa ni mwendo. Mzee wa Dimani hakukosa mwendo. Alikosa habari, na habari hiyo akampa mwingine kana kwamba anayo.

Hapo ndipo tetesi zote mbili zinapopungukiwa. Umaskini unamsamehe mzee kwa kutokukitengeneza chombo. Hatari ya kufungua inamsamehe kwa kutokukifungua. Hakuna hata mmoja unaomsamehe kwa neno lile moja, kwa sababu kulikuwa na neno jingine ambalo halikugharimu senti wala halikuhitaji bisibisi: "Kinafaa, ila sijakifungua miaka kumi na moja." Mpwa angalichagua. Huenda angalikwenda vile vile, kwa maana mashine ya boti ndiyo chakula cha nyumba yake. Lakini angalikwenda na kamba ndefu zaidi na mwenzake juu ya maji, au angalishuka kidogo kwanza, na pumzi ilipoanza kuwa nzito angaliijua ilivyo, akapanda taratibu.

Tena kutazama, tofauti na kutengeneza, hakukuwa mbali. Shingoni mwa kidhibiti, mara tu kifuniko kinapotolewa, mna kile chujio, nacho huonekana wazi kwa jicho. Kikiwa cheupe cheupe, ni dalili njema. Kikiwa kijani, maji ya bahari yaliwahi kuingia. Kikiwa chekundu chekundu, kutu ya mtungi wa chuma imehamia humo. Mzamiaji wa zamani anayajua hayo kama anavyoyajua majina ya pepo. Mzee alikitoa kifuniko kwa mkono wake mwenyewe, na akakifunga chombo mtungini kwa haraka, macho yake yakiwa kwenye uso wa kijana. Ni sekunde mbili hizo ambazo Clifford angezishika. Si kwamba hakujua. Ni kwamba mkono wake ulijua pa kupita ili jicho lisione.

Kwa nini afanye hivyo mtu anayempenda mpwa wake? Si kwa ubaya. Kusema "sijui" mbele ya kijana ni kukiri kwamba kile kitu kimoja alichokileta kutoka kwenye ujana wake, kinachong'aa nyuma ya mlango na kumshuhudia kila mgeni kwamba mwenye nyumba alipata kuwa mtu wa bahari, huenda kwa ndani kimekwisha. Kuna watu ambao hawakifungui chombo kwa kuogopa gharama, na wapo wasiokifungua kwa kuogopa jibu. Hawa wa pili ni wengi zaidi, wala si wazamiaji tu.

Linalozidisha uzito ni heshima. Mpwa aliuliza mara moja. Mjomba akajibu. Katika nyumba za pwani, kuuliza mara ya pili ni kumwambia mkubwa kwamba neno lake halikutosha, na kukitazama chujio mwenyewe, mbele yake, ni kumkagua. Kijana mwenye adabu hafanyi hivyo. Kwa hiyo neno "kinafaa" likitoka kwa mjomba hufunga mlango wa shaka, na anayeufunga anapaswa kujua kilichomo ndani. Wenye kuilaumu heshima hiyo husema vijana wafundishwe kuuliza. Huenda. Lakini wanaitwika deni upande usiokopa. Adabu ya mdogo ni amana mkononi mwa mkubwa. Kadiri mdogo anavyonyimwa haki ya kukagua, ndivyo mkubwa anavyolazimika kukagua kwa niaba yake, au walau kumwambia kwamba hakukagua. Heshima isiyokuwa na sharti hilo ni kama ile kromu iliyobaki peke yake.

Na kuna jambo moja ambalo halikutajwa katika kisa. Kule chini, alipokuwa akiiinua mashine kutoka matopeni, kijana alivuta pumzi ikaja nusu. Akavuta tena, ikaja kwa uzito, na ladha ya shaba ulimini. Alitulia, akaacha kazi kwa kitambo, pumzi zikarudi, akafunga kamba kwa haraka na kupanda. Mashuani hakusema kitu. Jioni, alipofika na wale changu, mzee alikuwa amekaa barazani.

"Mjomba, kilikusaidia?"

"Kilinifaa sana, mjomba. Ahsante."

Hangeweza kusema vinginevyo. Angekuwa kama anayemsuta mzee, na isitoshe alikuwa hai. Hakupata maji matamu ya kukisuuza, na kifuniko cha shingoni kilikuwa kimebaki mahali fulani mashuani. Mzee alikipokea, akakipangusa kwa pindo la kikoi, akakitundika msumarini. Wiki hiyo hiyo mdogo wake yule kijana alipita, akamwamkia mzee, akakitazama kinavyong'aa nyuma ya mlango, na akauliza kama atakihitaji mwezi ujao, bamvua likipita.